Hii Haizami

Boti ya marehemu baba ilikuwa na herufi kumi na mbili kila ubavu. Tulipoamua kuiuza, ubavu wa kulia zilibaki nane na wa kushoto tano. Nyingine zilikwisha liwa na jua, chumvi na kamba za kufungia. Mwenye kuijua boti alisoma "Boston Whaler" bila shida, kama mtu anavyosoma jina la kanga iliyofuliwa miaka mingi: hasomi tena, anakumbuka. Asiyeijua aliona stika chakavu tu.

Mashine nayo haikuwa na sura. Baba aliwahi kukipaka kifuniko chake rangi ya samawati kwa brashi, akafunika maandishi yote. Ilikuwa Yamaha Enduro ya hospawa 40, mashine ambayo mvuvi yeyote wa pwani hii anaitambua kwa mlio wake. Kwa macho, hata hivyo, ilikuwa kama ndoo ya samawati iliyopinduliwa.

"Kizuri chajiuza," mjomba aliniambia tukiwa tumesimama chini ya mkungu kwenye ukingo wa mto wa bahari pale Mtwapa, "lakini hata kizuri huoga kwanza. Tafuta stika, binti yangu. Boti bila jina watainunua kwa bei ya beseni."

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Boti nazijua kama mtoto wa nahodha anavyozijua: najua pa kukaa nisilowe. Lakini kutafuta kitu mtandaoni naweza, na Mombasa nawajua mafundi wanaokata stika za matatu. Nilidhani kazi hiyo itanichukua siku mbili. Ilinichukua karibu miezi miwili, na nilipoimaliza sikuwa na hakika tena kwamba stika ni kitu kidogo.

Nilianzia mbali. Marekani wapo watu ambao biashara yao ni kutengeneza upya nembo za boti za zamani. Wanahifadhi michoro ya herufi kwa miaka, kwa sababu kampuni hubadilisha mwandiko wake, na mwenye boti ya zamani hataki mwandiko wa juzi. Nilimwandikia mmoja wao. Alinijibu kwa adabu, akaniuliza mambo matatu: urefu wa boti, mwaka wa kutengenezwa, na namba iliyo nyuma.

Urefu nilipima: futi 17. Mwaka, baba alizoea kusema ni 1978, na kwamba boti ililetwa Malindi na Mzungu aliyependa kuvua samaki wakubwa, ikapita mikono miwili kabla ya kumfikia yeye. Namba sikuwahi kuisikia.

Nikajifunza kuwa boti zilizotengenezwa Marekani tangu Novemba 1972 zinatakiwa kisheria kuwa na namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu kumi na mbili. Hukaa nyuma, tezini, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Inaeleza nani aliyeitengeneza na lini. Tangu 1984 boti mpya hupewa namba hiyo mara mbili: mara moja mahali pa wazi, na mara ya pili mahali palipofichwa, ili mwizi akiikwangua ya kwanza, ya pili ibaki kumsuta.

Jumamosi nilikwenda Mtwapa na tochi, kitambaa na brashi ya meno. Nilisugua tezi ya boti ya baba hadi mkono ukauma. Nilipata rangi nyeupe, chini yake rangi ya kijani, chini yake faiba. Namba haikuwepo.

"Labda ilisuguliwa," alisema mjomba. "Boti hii imepakwa rangi mara ngapi?"

Ilikuwa hoja ya haki, nikaikubali. Nikaendelea na kazi ya pili, ya kutoa mabaki ya stika za zamani ili ubavu uwe safi. Hutolewa kwa joto. Nilileta kikausha nywele cha dada yangu, tukavuta umeme kutoka kibanda cha jirani, nikawa napasha herufi moja moja huku nikiinua ncha yake kwa kadi ya simu. Nilikuwa nimesoma kwamba stika ikitoka, chini yake hubaki kivuli. Jua hufifisha rangi ya boti pande zote, isipokuwa pale stika ilipoziba, kwa hiyo jina husomeka hata baada ya kung'olewa. Watengenezaji wa nembo hupenda kivuli hicho, maana unaweza kuweka karatasi ya kalki juu yake ukakichora, nao wakapata vipimo kamili.

Nilitoa ile B. Chini yake rangi ilikuwa imefifia sawasawa na kwingine. Nikatoa O, S, N. Hakukuwa na kivuli. Stika ilikuwa imebandikwa juu ya ubavu ambao tayari ulikuwa umeshaliwa na jua kwa miaka.

Mjomba hakusema kitu. Alikunja kidole, akagonga ubavu wa boti chini kidogo ya mstari wa maji. Ulilia kama ngoma. Akasogea hatua mbili, akagonga tena. Ngoma.

"Whaler hailii," alisema. "Niliwahi kufanya kazi kwenye moja, Watamu. Ukiigonga ni kama unagonga gogo." Alichukua keekee yenye msumari mwembamba, akatoboa sakafu mahali ambapo tundu lisingedhuru. Msumari ulipita faiba, kisha ukazama wote kwa mara moja, kwenye hewa. Ulipotoka haukuwa na chembe ya povu. Ulinuka maji ya ngama.

Lazima nieleze kwa nini povu lilikuwa jambo zito hivyo.

Boston Whaler ya kwanza ilitoka Massachusetts mwaka 1958, boti ya futi 13, kazi ya Dick Fisher na mchoraji wa vyombo Ray Hunt. Siri yake haikuwa umbo peke yake. Fisher alitengeneza ngozi mbili za faiba, ya nje na ya ndani, na kati yake akajaza povu jepesi linaloganda na kushikana na ngozi zote mbili. Boti ya namna hiyo haina uwazi wa kujaa maji. Mwaka 1961 gazeti la Life lilichapisha picha zilizoifanya maarufu: Fisher amekaa ndani ya boti majini, amevaa suti, huku inakatwa kwa msumeno katikati. Ilipokatika, aliondoka na kipande chenye mashine, akiendesha. Tangu hapo jina hilo likawa na maana moja kwa watu wa bahari: haizami.

Baba hakuwahi kuliona gazeti hilo, lakini maana aliijua. Ndiyo maneno tuliyokulia. Kusi likivuma, mawimbi yakivunjika meupe mlangoni mwa mwamba, mama alisimama ukingoni na kusema leo msitoke. Baba alipiga ubavu wa boti kwa kiganja, alijibu, "Hii haizami," tukatoka. Mimi, kaka yangu na dada yangu mdogo aliyekuwa bado hajaanza shule. Hatukuwa na maboya ya kuvaa. Kwa nini tuwe nayo? Tulikuwa ndani ya boya.

Pale chini ya mkungu, mjomba akifuta msumari kwa kitambaa, niliona kwamba utoto wangu wote baharini nilibebwa na stika.

Je, baba alijua? Swali hili lilinisumbua kwa wiki, na jibu lililonitosha lilitoka kwenye ile picha ya dada yangu mdogo ameketi omo, miguu inaning'inia. Mtu hapakii watoto wake juu ya uongo anaoujua. Baba aliliamini jina kwa uzito uleule ambao wengine huamini neno la fundi. "Babako alinunua jina," mjomba alisema baadaye, kwa upole, "akapewa boti."

Namna ilivyofanyika si ya ajabu. Mjomba alinieleza. Unachukua boti nzuri ya mtu, unaipindua, unaipaka nta, unaitandikia faiba juu yake. Ikikauka unaivua, na sasa unayo kalibu. Kutoka kwenye kalibu hiyo unaweza kutoa boti nyingine zenye umbo lilelile, kila mkunjo mahali pake. Lakini kalibu huchukua ngozi tu. Kilichomo kati ya ngozi na ngozi hakionekani, kwa hiyo hakinakiliwi.

Wamarekani wenyewe waligombania jambo hili hadi Mahakama ya Juu. Kampuni ya Bonito Boats ya Florida ilibuni boti ya faiba mwaka 1976. Baadaye ikaishtaki kampuni ya Thunder Craft ya Tennessee kwa kuinakili kwa njia hiyohiyo ya kalibu, ikitegemea sheria ya Florida ya 1983 iliyokataza mtindo huo. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliitengua sheria ile. Kwa ufupi ilisema kwamba umbo lililokwisha kuuzwa hadharani bila hataza ni mali ya wote, na jimbo haliwezi kulifungia kwa sheria yake. Miaka tisa baadaye, 1998, Bunge la Marekani likatunga sheria ya taifa kulinda maumbo ya boti.

Nilipoyasoma hayo nilimwonea huruma kidogo yule fundi nisiyemjua aliyeitoa boti yetu. Kunakili umbo ni jambo ambalo hata majaji wakubwa wameona lina pande mbili. Watu wa pwani wamenakili vyombo tangu zamani. Hivyo ndivyo kazi ya kuunda ilivyoenea. Kijana anayejifunza kuunda majahazi kule Matondoni, Lamu, hunakili cha mwalimu wake, na hakuna anayemwita mwizi. Lakini ona tofauti. Jahazi halibebi nembo ya kiwanda. Lina macho omoni, lina jina alilolipa mwenyewe, na ukitaka kujua nani aliliunda, unauliza, unaambiwa ni fulani bin fulani, unakwenda kumtazama machoni. Likiwa na ubovu, unajua pa kulipeleka.

Nembo ilianza kuwa na kazi pale muundaji alipokuwa mbali, mahali ambapo huwezi kwenda kumuuliza. Inasimama badala yake kama shahidi wa mtu asiyekuwepo. Ndiyo sababu aliyebandika ile stika kwenye boti yetu alifanya jambo zito kuliko aliyeinakili. Wa kwanza alichukua umbo. Wa pili alimtolea ushahidi mtu ambaye hakuwepo, juu ya jambo ambalo mtu huyo hakulifanya.

Sasa rudi kwenye kazi niliyotumwa. Tulikuwa na deni la hospitali, la miezi ya mwisho ya baba. Mama aliuza dhahabu yake kidogo, na bado deni lilibaki. Mjomba alikisia kwamba boti yenye jina kamili ingepata shilingi 150,000 zaidi ya ile isiyo na jina. Yule mtu wa Marekani hakujibu tena nilipomwambia sina namba, lakini sikumhitaji. Mwembe Tayari palikuwa na fundi aliyekuwa na mashine ya kukata stika, ambaye siku nzima alikata majina ya wachezaji mpira, nyota wa muziki na aya za kujikinga na husuda kwa ajili ya vioo vya matatu. Nilimwonyesha picha ya boti kwenye simu. Aliitazama sekunde chache.

"Hiyo herufi naitoa, dada. Saa moja tu. Na mashine yenu? Arobaini?"

"Arobaini."

"Nikuwekee sitini? Bei ni ileile."

Hakuwa anatania. Nilimuuliza kama watu huomba hivyo. Alicheka. "Mimi nauza herufi. Maana mnaweka wenyewe."

Nililipeleka jambo nyumbani. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kitu ambacho mpaka leo sijakipatia jibu lililokamilika. "Babako aliiita Whaler miaka ishirini na mbili. Watu wote wa Mtwapa waliiita Whaler. Nilimzika na jina hilo mdomoni. Leo wewe na msumari wako mnakuja kuniambia haikuwa?"

Hakuwa akitetea bei. Alikuwa akimtetea mume wake asifanywe mjinga baada ya kufa.

Na hoja yake ilikuwa na nguvu. Majina mengi tunayoyatumia hayakuanza kwa ukweli. Mtaa huitwa kwa mti uliokatwa zamani. Mtu huitwa Mrefu hata akiwa na mgongo uliopinda. Jina likikaa muda wa kutosha huwa mali ya wanaolitumia. Plutarch alisimulia jinsi Waathene walivyoihifadhi merikebu ya Theseus, wakibadilisha kila ubao uliooza, hadi wanafalsafa wakaitumia kubishania kama ni merikebu ileile. Nilijiuliza: kama merikebu inaweza kubaki na jina lake baada ya kupoteza mbao zote, kwa nini yetu isibaki na jina baada ya miaka ishirini na miwili ya kuitwa?

Nilifikiri sana hadi nikaona kinachotofautisha. Merikebu ya Theseus ilihifadhiwa kama kumbukumbu. Aliyeitazama na akakosea hakupoteza kitu. Boti yetu ilikuwa inakwenda nje ya mwamba. Jina lake halikuwa kumbukumbu tu, lilikuwa pia maelekezo: ikijaa maji, usiruke, kaa ndani, itakubeba. Mtu atakayeyafuata maelekezo hayo usiku, kusini mwa Kilifi, maji yakiwa yamefika magotini, hatasaidiwa na ukweli kwamba Mtwapa nzima ilizoea kuiita hivyo.

Kuna kisa ambacho sisi tuliosoma madrasa tulihadithiwa mapema, cha mfanyabiashara wa nafaka aliyeweka iliyo kavu juu na iliyolowa chini, mpaka Mtume alipotia mkono ndani ya rundo na vidole vikatoka na maji. Nilikisikia mara nyingi kama kisa cha sokoni. Safari hii nilikiona kama kisa cha mkono. Kosa lilijulikana kwa sababu mtu alitia mkono chini. Sisi tulikuwa tumeshatia msumari. Kabla ya siku ile tungeuza kwa imani njema, kama baba alivyonunua. Baada ya siku ile imani njema haikuwepo tena, na stika ileile, fundi yuleyule, bei ileile, ingekuwa tendo jingine.

Nilimweleza mjomba hivyo. Alikuna kidevu. "Basi na ya mashine usiweke. Hata ile fundi wa Mwembe Tayari hakuitoa Japani."

Hapo ndipo nilipolazimika kufikiri vizuri, kwa sababu kwa mtazamo wa kwanza alikuwa sahihi. Stika zote mbili zingetoka kwenye mashine moja ya kukatia, kwa mkono wa mtu mmoja ambaye hakupewa ruhusa na kampuni yoyote. Kama feki ni feki, zote ni feki.

Lakini mashine ya baba ilikuwa na kibati chake, kimepigwa misumari midogo kwenye bano lake la kushikia, na namba inasomeka. Ilikuwa Enduro kweli, hospawa 40 kweli. Baba mwenyewe ndiye aliyeifunika kwa rangi. Kuirudishia maandishi kulikuwa kurudisha kilichokuwepo. Upande wa pili, hata ningepata stika halisi ya Boston Whaler, iliyochapishwa na kampuni yenyewe, imefungwa kwenye bahasha yake, siku ningeibandika kwenye ile boti tupu ingegeuka uongo. Kumbe ukweli wa nembo haukai kwenye karatasi yake. Stika ya kuiga yaweza kusema kweli, na stika halisi ikasema uongo. Haki ya mwenye alama ya biashara ni suala lake, na sitaki kulidharau. Lakini deni langu kubwa lilikuwa kwa mtu ambaye angeketi ndani ya chombo.

Nilirudi Mwembe Tayari, nikakatiwa maandishi ya mashine peke yake, na namba 40. Fundi alinifundisha kubandika: safisha kwa spiriti, nyunyiza maji yenye sabuni kidogo ili stika iteleze mpaka ikae sawa, kisha sukuma maji nje kwa kadi kuanzia katikati kwenda pembeni. Usifanye kazi hiyo juani. Kabla ya hapo tuliukwangua ule usamawati hadi rangi ya mwanzo ikatokea. Tulipomaliza, mjomba alirudi nyuma hatua tatu akasema, "Sasa ni mashine." Ubavu wa boti tuliuacha mweupe.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Takaungu aliyetaka boti ya kuvulia mshipi na, siku za wageni, kupakia watalii. Alikuwa amesikia Whaler inauzwa. Alipofika na kuona ubavu mtupu akauliza. Nilimwambia yote: namba isiyokuwepo, kivuli kisichokuwepo, msumari. Nilimwonyesha tundu. Alipiga goti, akagonga mwenyewe, akasikia ngoma.

Alinyamaza, kisha akataja bei iliyokuwa chini kwa 130,000 kuliko tuliyokuwa tukiiota. Mjomba alivuta pumzi. Tulikubali. Deni la hospitali lilibaki na mkia, na mkia huo niliulipa kwa mshahara wangu kwa miezi kumi na moja. Nalitaja hili kwa sababu insha za maadili huwa hazitoi risiti.

Baada ya kupeana mikono, kijana alisema, "Dada, nimekuelewa na nakushukuru. Lakini stika nitaiweka. Watalii wakiona jina hilo hupanda bila maswali."

Sikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Nilidhani nikishasema kweli kwa mnunuzi kazi yangu imeisha. Kumbe mnunuzi alikuwa mtu wa kwanza tu kwenye mstari mrefu, na nyuma yake walikuwepo watu nisiowajua, wengine watoto, ambao wangesoma ubavu na kuketi. Na boti ilikuwa yake. Fedha zilikuwa mkononi mwa mama.

Nilimsimulia kuhusu dada yangu mdogo omoni, miguu inaning'inia. Sikumhubiria. Nilimwambia tu kwamba nahodha wake alikuwa mtu mwaminifu.

Mjomba ndiye aliyepata neno. Alimuuliza kijana kama anajua mtungi wa plastiki wa lita 5 uliofungwa vizuri unabeba nini majini. Kijana akasema kilo tano hivi. "Chini ya sakafu hii," mjomba alisema, "inaingia sitini. Hizo ni kilo mia tatu za kuelea. Haitakuwa Whaler. Lakini ikijaa maji haitakwenda chini kama jiwe na mashine yake." Aliniangalia. Nilitoa shilingi 6,000 kutoka kwenye bahasha, pesa za mitungi na gundi ya kurudishia sakafu, na mama, aliyekuwa ameketi kimya muda wote, hakupinga.

Ilikuwa Novemba. Mwezi wa Machi, kaskazi likikaribia kwisha, nilipita Mtwapa nikaiona imefungwa kwenye nguzo. Ubavuni kulikuwa na herufi kumi na mbili, mpya, zinang'aa, zimekatwa na mtu anayeijua kazi yake. Nilisimama nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Kijana hakuwepo. Nilivua viatu, nikaingia majini hadi magotini, nikagonga ubavu chini kidogo ya mstari wa maji, pale pale mjomba alipogonga. Haukulia kama ngoma, wala haukulia kama gogo. Ulitoa sauti ya katikati, butu, ya kitu kilichojazwa na mikono ya watu kwa vyombo walivyokuwa navyo. Omoni, chini ya kiti, maboya sita ya kuvaa yalikuwa yamefungwa kwa kamba, ya rangi ya chungwa, yameshaanza kufifia kwa jua.

Nilimpigia mama. Nilimwambia boti imerudishiwa jina.

"La babako?"

"Lilelile."

Alikaa kimya. "Na mitungi?"

"Ipo, mama. Nimegonga."

"Basi," alisema, na sikujua kama amekubali au amechoka.